Nyimbo za Wakulima: Maneno Yaliyosemwa Mawengi Wakati wa Jubilei



Twajua kwamba wakati wa jubilei watu hupenda kusikia habari za majengo: nani alichoma matofali, nani alipandisha kengele. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine. Sisi twataka kunena juu ya kitu kisicho na matofali, nacho ni wimbo wa mkulima.

Kila nchi ya milima na mashamba ina nyimbo zisizo na mwenyewe. Hazikuandikwa, wala hajulikani aliyezitunga kwanza. Watu waliziimba kwa ajili ya kazi: kulima kwa ujima, kutwanga, kusaga juu ya jiwe, kubembeleza mtoto, kumlilia maiti. Jiwe la kusaga lilipoachwa kwa ajili ya mashine, wimbo wake ulikosa kazi. Hakuna aliyeukataza, ulinyamaza tu.

Wengine hudhani kwamba nyimbo za nchi ni zile tu zilizotoka kwa mababu wa kale. Sivyo. Utazameni mganda, unaochezwa pande zote mbili za Ziwa Nyasa, nao ndugu zetu wa Malawi huuita malipenga. Mganda ni mtoto wa gwaride. Katika siku za vita kuu ya 1914 hata 1918, vijana waliochukuliwa kuwa askari na wapagazi waliona mistari ya Keya ikienda kwa ngoma na tarumbeta. Waliporudi kwao hawakuwa na tarumbeta za shaba. Basi walitwaa vibuyu, wakavitoboa, wakaliziba tundu kwa utando wa buibui. Mtu akivumisha sauti yake ndani, kibuyu hulia kama tarumbeta ya bendi. Wakajipanga safu, wakajipa vyeo vya jeshi, wakavaa nguo safi nyeupe kama maafisa. Wanawake nao walikuwa na kihoda chao. Hivyo jambo lililowatesa watu wetu, walilifanya mchezo, na mchezo ule ukawa mali yao. Mwenye kudharau ngoma ya kijijini na afikiri kidogo ni akili gani iliyo ndani ya kibuyu kile.

Wamisionari wengi wa zamani waliiogopa ngoma. Pengine hofu yao ilikuwa na sababu, maana pombe haikukaa mbali. Walakini pamoja na pombe walimwaga na uji. Baadaye padre mmoja wa nchi hii ya kusini, Padre Stephen Mbunga, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1963, akionyesha namna sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu ziwezavyo kukaa pamoja. Mwaka uleule, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Vatikano uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Hivyo ngoma iliingia kanisani, nasi twafurahi. Lakini tuseme kweli: kwaya zetu zimetwaa mapigo, hazikutwaa nyimbo zenyewe. Ngoma yasikika kila Jumapili, na wimbo wa kulimia haumo.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika milima ya Appalachia, kulikuwa na wakulima maskini wenye nyimbo zao za kale. Ala yao moja kubwa, banjo, asili yake ni Afrika, maana ilitokana na ala za watumwa. Mwaka 1927 watu walikuja katika mji wa Bristol wakazitia nyimbo zao katika santuri, na kutoka hapo muziki uitwao kantri ulienea duniani. Mmoja wa waimbaji wale, A. P. Carter, alizunguka milimani akikusanya nyimbo za wazee. Alifuatana na mpiga gitaa mtu mweusi, Lesley Riddle, aliyekuwa na mguu mmoja. Carter aliandika maneno, Riddle alishika sauti kichwani. Wawili hao hawakuwa na chombo kingine.

Mwingine wa Bristol alikuwa Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya, nao wakamtungia wimbo, wakimwita Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wakiuimba, akaeleza kwamba walimdhania kuwa nusu mtu, nusu paa. Katika safari za mwaka huo alirekodi pia ligombo la Wahehe, jirani zetu wa Iringa. Miaka zaidi ya 60 baadaye, sauti zile zilirudishwa kwa Wakipsigis, na baadhi ya waimbaji wakakutwa wangali hai, wakajisikia wenyewe wakiwa vijana.

Ndugu walimu, jambo hili laweza kufanyika hapa Mawengi na vigangoni, pasipo kumngoja mgeni. Simu ya mkononi yatosha kushika sauti, na daftari yatosha kushika maneno. Nendeni wawili wawili, kama Carter na Riddle. Andikeni maneno kwa Kipangwa kama yasemwavyo; msiyageuze kuwa Kiswahili, wala msiyasafishe. Andikeni pia wimbo ulikuwa wa kazi gani, nani aliongoza na nani waliitikia, maana maneno matupu hayamwambii mtoto jembe lilishuka wapi.

Twaomba kazi ianze kwa mabibi waliopata kusaga juu ya jiwe, kisha wapiga vibuyu vya mganda. Wanakwaya waweza kungoja. Wao wana madaftari yao.