Nilipokataa Bakuli la Bibi

(Maneno ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa vijana wanaojiandaa kwenda kujitolea nje ya nchi.)



Nimeombwa niwaeleze mwaka niliojitolea Mongolia, kuanzia Juni 2012. Waandaaji walipenda nizungumzie kazi. Kazi mtafundishwa na wengine, tena kwa makaratasi mengi. Mimi nitasema juu ya kula na kusherehekea, kwa kuwa huko ndiko nilikofanyia makosa yangu makubwa.

Nilipelekwa mkoa wa Arkhangai, kwenye vikundi vya wafugaji waliokuwa wakijaribu kuinuka baada ya dzud ya 2009–2010. Dzud ni janga la majira ya baridi. Theluji nzito na barafu hufunika malisho, na mifugo ambayo mara nyingi imekwisha kudhoofishwa na ukame wa kiangazi hufa kwa njaa na baridi. Mwaka ule nchi ilipoteza mifugo zaidi ya milioni nane. Familia iliyonipokea ilibaki na kondoo na mbuzi wasiofika arobaini, na farasi wachache. Walikaa kwenye ger, hema la duara lililofunikwa kwa sufi iliyoshindiliwa, jiko likiwa katikati. Mgeni akiingia hukanyagi kizingiti, na unapita upande wa kushoto. Hayo nilikuwa nimeyasoma.

Sikuwa nimesoma kwamba chai yao ina chumvi. Suutei tsai ni maji, maziwa, majani ya chai na chumvi. Nilipoonja nikadhani mama mwenyeji amekosea kopo la sukari, nikanyamaza kwa adabu. Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu nikaelewa kuwa aliyekosea ni mimi.

Julai ikaja Naadam, sikukuu kubwa ya taifa, ambayo kitaifa huadhimishwa tarehe 11 hadi 13. Ina michezo mitatu ya asili: mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. Wilayani kwetu watu walitoka mbali sana, wamevaa kanzu zao ndefu za kufunga mshipi. Mwanamieleka akishinda hunyoosha mikono na kucheza kama tai, na aliyeshindwa hupita chini ya mkono wake. Farasi hupandwa na watoto, nao hukimbia nyikani kilomita nyingi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba mwanafarasi wa miaka miwili anayefika wa mwisho naye huimbiwa wimbo wa kumtia moyo. Hapo tulikula khuushuur, ni kama sambusa iliyobapa, ya nyama, inayochuruzika mafuta.

Jioni ile bibi wa familia, ambaye wote walimwita emee, alinikabidhi kwa mikono miwili bakuli la airag. Hayo ni maziwa ya farasi jike, huchachushwa katika mfuko wa ngozi na kukorogwa mara maelfu, na yana kilevi kidogo. Mimi nilikuwa nimewaahidi wazee wa usharika wangu kwamba sitaonja pombe. Nikainua kiganja kumzuia, nikatikisa kichwa. Ger nzima ikanyamaza. Bibi akakaa na bakuli lake mkononi, kisha akalirudisha polepole kwa mwanawe. Hakusema neno, na hilo lilinichoma zaidi.

Baadaye kijana mmoja wa familia alinieleza. Ungepokea kwa mkono wa kulia, kiwiko umekishika kwa mkono wa kushoto, ukagusisha midomo tu, ukarudisha. Hakuna ambaye angekulazimisha kunywa. Yaani ahadi yangu kwa wazee ingebaki salama, na bibi asingeaibika mbele ya wageni. Nilikuwa nimekataa mkono wake, si kinywaji tu.

Nisiwafiche jingine, maana hili liliandikwa. Mwezi Januari nilituma taarifa ya robo mwaka, nikapendekeza kwamba vikundi vifundishwe kupunguza gharama za sherehe. Niliona familia yenye kondoo wachache ikijiandaa kwa Tsagaan Sar, yaani Mwezi Mweupe, mwaka mpya wao, na hesabu zangu zikakataa. Walitengeneza buuz, vidonge vya unga wa ngano vyenye nyama ndani, vinavyopikwa kwa mvuke. Tulivifinya kwa siku tatu. Niliacha kuhesabu baada ya mia tano. Havihitaji jokofu: vinawekwa nje, vinaganda kama mawe.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya huitwa bituun, na ni lazima kushiba, kwa kuwa wanasema atakayelala na njaa usiku huo ataona njaa mwaka mzima. Palikuwa na uuts, mgongo wa kondoo uliochemshwa pamoja na mkia wake wa mafuta. Pembeni palikuwa na ul boov, mikate mirefu iliyopangwa kama mnara, kwa tabaka za idadi isiyogawanyika kwa mbili. Tabaka la chini ni furaha, linalofuata ni taabu, kisha furaha tena, ili mnara uanze na kuisha kwa furaha.

Asubuhi tulisalimiana kwa zolgokh. Mdogo huweka mikono yake chini ya mikono ya mkubwa na kumshika viwiko, kama anayemtegemeza. Wote husalimiana hivyo, isipokuwa mume na mkewe. Nilipofika kwa bibi nilikuwa na khadag, kitambaa cha hariri cha buluu, na mikono yangu ilitetemeka kwa kukumbuka lile bakuli. Alinikubali. Mikono yake ilikuwa miepesi sana.

Kisha wageni wakaja, siku baada ya siku. Wazee walibadilishana chupa za ugoro na kuulizana kama mifugo imenona na kama majira ya baridi yanapita salama. Mwanzoni nilichukulia kuwa ni salamu tu. Nilipoanza kutafsiriwa nikasikia habari nyingine: nani ana majani mengi upande wa kusini, nani anaweza kupokea kundi la mwenzake hali ikiharibika. Shemeji mmoja aliahidi kondoo jike wawili baada ya kuzaa. Zile buuz mia tano ndizo zilizowakalisha pamoja mpaka hayo yakasemwa. Mradi wetu nao ulikuwa na kamati ya tahadhari ya majanga, yenye muhuri, ambayo ilikuwa haijakutana hata mara moja.

Niliandika barua kuomba pendekezo langu liondolewe. Sisemi gharama zile hazina madhara. Wastaafu wengi kule walikuwa wakikopa kwa dhamana ya pensheni zao, mara nyingi karibu na sikukuu hiyo, hata Januari 2020 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mikopo ya aina hiyo. Lakini nilikuwa nimehukumu sherehe ambayo sikuwahi kukaa ndani yake.

Majira ya baridi ya 2023–2024 dzud ilirudi, ikaua mifugo zaidi ya milioni saba. Nilimpigia yule kijana, sasa ni baba wa watoto watatu. Bibi amekwisha kufariki. Kundi lao walikuwa wamelihamishia upande wa kusini, kwa shemeji, na sehemu kubwa ilikuwa hai.

Maswali nitayapokea wakati wa chai. Ya hapa ina sukari.