Mtambo wa Gesi Hauli Mbolea



Wako wenzetu wasitao kujenga mtambo wa gesi ya samadi, wakihofu kwamba mibuni na migomba itakosa mbolea. Twawaomba waiondoe hofu hiyo. Ndani ya shimo lisiloingia hewa, vijidudu huozesha samadi iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa. Kinachotoka ni gesi ya kupikia. Naitrojeni, chakula cha mimea, hubaki katika tope litokalo upande wa pili. Kilo 25 za samadi mbichi hutoa gesi ya kuwasha jiko moja kwa saa mbili hivi. Basi ng'ombe wafugwe zizini, mtambo ulishwe kila siku, na tope lirudishwe shambani. Hivyo mama zetu watapumzika kubeba kuni, na shamba halitapungukiwa.