Chuma ni Mshenga
(Mazungumzo na wanakisomo wa Kizota, Dodoma)



Juzi mama mmoja darasani aliniuliza: "Mwalimu, hii mbolea ya urea inatengenezwa na nini, mbona ni ghali hivi?" Swali hilo ni zuri. Leo nitalijibu.

Ndani ya urea mna naitrojeni. Hiyo ndiyo inayostawisha majani ya mahindi na mtama. Hewa tunayovuta imejaa naitrojeni: sehemu 78 katika kila 100. Lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani. Lazima kwanza iungane na haidrojeni, ipatikane amonia. Nazo hizo mbili haziungani kwa urahisi.

Basi anatakiwa mshenga. Mshenga mnamjua. Hukutanisha pande mbili, ndoa ikafungwa. Yeye mwenyewe haoi wala haolewi. Kesho anaitwa kwingine. Wataalamu humwita mshenga huyu kichocheo.

Mwaka 1909, Fritz Haber wa Ujerumani alitumia osmiamu kuwa mshenga. Madini hayo ni adimu mno, yasingetosheleza viwanda. Ndipo Alwin Mittasch na wenzake wakajaribu michanganyiko maelfu. Jibu wakalipata katika jiwe la chuma kutoka Sweden. Naam, chuma, kile kile cha jembe! Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mpaka leo viwanda vingi vya amonia hutumia chuma.

Sasa kwa nini bei iko juu? Mshenga ni rahisi, lakini harusi ina gharama. Kazi hiyo inataka joto la nyuzi 400 hadi 500, na mgandamizo mkubwa. Haidrojeni nayo hutolewa zaidi katika gesi asilia. Gesi ikipanda, mbolea inapanda. Tuliyaona hayo mwaka 2022.

Siku hizi wataalamu wanatengeneza chembe za chuma ndogo kuliko vumbi. Mnajua gogo zima haliwaki upesi. Lipasue vijiti, moto unapata pengi pa kushika. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Wanatafuta njia kifanye kazi kwa joto dogo, gharama ipungue.

Angalieni: msitie misumari yenye kutu kwenye pipa mkidhani mtapata urea! Wakati tunangoja, tutunze samadi ya zizini. Tuifunike, mvua isiioshe na jua lisiikaushe. Naitrojeni imo humo, nayo hainunuliwi dukani.

Mama aliyeuliza, nakushukuru. Nanyi wengine, ulizeni.