Kampuni Mbili Zikiungana, Nani Anawekwa Mkiani?

(Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya vijana kuhusu ajira. Tumepunguza salamu, mengine tumeyaacha kama yalivyosemwa.)

Makamanda, leo naongelea ndege. Najua wengi wetu tumekuja hapa kwa basi, na wapo waliochangiwa hiyo nauli. Lakini nimeomba kuongelea wahudumu wa ndege wa Marekani kwa sababu yaliyowakuta yanaonyesha, kuliko mfano mwingine ninaoujua, jinsi mtu anavyoweza kupokonywa miaka 25 ya jasho bila bosi kumwandikia barua ya kumfukuza.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu kimoja: ukongwe kazini. Mhudumu wa ndege kule maisha yake yanaendeshwa na namba, yaani nafasi yake kwenye orodha. Ukiajiriwa leo unaingia chini kabisa. Wa juu wakistaafu, unapanda. Namba hiyo ndiyo inayoamua unaruka safari zipi, unapumzika siku gani, kituo chako ni mji gani, na kama Desemba utakuwa nyumbani au angani. Mwenye namba nzuri anachagua. Mwenye namba mbaya anakaa zamu ya kusubiri, simu ikilia saa tisa usiku anavaa sare anaondoka. Na biashara ikidorora, wanaanza kupunguzwa wa chini.

Halafu namba hiyo haihamishiki. Ukienda shirika jingine, hata kama una miaka 20, unaanza upya na watoto waliomaliza mafunzo jana.

Sisi watu wa siasa tusijifanye hatuelewi. Aliyewahi kusubiri orodha ya viti maalum anajua tofauti ya jina kuwa la tatu na kuwa la sitini. Orodha ni moja, maisha ni mawili tofauti. (Msicheke, mnajua ni kweli.)

Sasa mashirika mawili yakiungana, kuna orodha mbili na inatakiwa moja. Mtazichanganyaje? Njia ambayo wengi wangeiona ya haki ni tarehe ya kuajiriwa: wa 1978 anakaa mbele ya wa 1985, haidhuru alivaa sare ya nani. Njia nyingine ni kuchukua orodha ya walionunuliwa na kuibana kwa stepla chini ya orodha ya walionunua. Mzee wa miaka 30 wa kampuni iliyonunuliwa anakaa chini ya binti aliyeajiriwa na kampuni nyingine mwezi uliopita.

Hiyo ya stepla ndiyo iliyowapata wahudumu wa TWA. Shirika hilo liliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Januari 2001, na Aprili mali zake zikanunuliwa na American Airlines. Mikataba ya wafanyakazi wa TWA ilikuwa na kipengele cha kuwalinda kwenye muungano: ukongwe wao uunganishwe kwa haki, na wasipokubaliana, msuluhishi aamue. American wakasema hatununui mpaka kipengele hicho kiondoke. Fikiria upo kwenye chumba hicho. Kampuni yako inakufa, mnunuzi ni huyu mmoja, na anakwambia achia silaha yako ndiyo nikuokoe. Vyama vyao vikaachia. Walichopewa badala yake ni ahadi kwamba kampuni itajitahidi kuhakikisha wanatendewa haki.

Wahudumu hao wapatao 4,000 wakabanwa mkiani mwa orodha. Na hapa ndipo pananiuma, kwa sababu anayekuja kichwani kwanza ni bosi. Orodha ilikuwa mikononi mwa APFA, chama cha wafanyakazi cha wahudumu wa American, na chama kilifanya kile ambacho wanachama wake walikitaka: kuwalinda wao. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema, TWA ilikuwa inakufa, bila sisi mngekuwa mtaani, kwa nini mje kukaa mbele yetu? Naielewa hoja hiyo. Siikubali, kwa sababu American hawakununua hewa. Walinunua ndege, njia na abiria, na watu walioviweka hai ndio hao waliosukumwa chini. Baadaye chama hicho hicho ndicho kikawa chama chao pia. Ukachangie ada kwa waliokuweka mkiani!

Miezi mitano baada ya ununuzi ikaja Septemba 11. Abiria wakapungua, American wakatangaza kupunguza watu wasiopungua 20,000. Na wanaanzia wapi? Chini. Ilipofika Julai 2003, wahudumu wote waliotoka TWA walikuwa wameshapunguzwa. Wote. Watu waliokuwa wakihudumia abiria tangu kabla wengi wetu humu ndani hatujazaliwa walikuwa nyumbani, huku waliokuwa na miaka miwili au mitatu American wakiendelea kuruka. Walikuwa na haki ya kuitwa tena, lakini haki yenye muda wake, na wako wengi ambao muda uliisha simu haijalia.

Mwaka huo huo wa 2003 wafanyakazi wa American walikubali kukatwa mishahara na marupurupu ili kampuni isifilisike. Ikaja kujulikana kwamba wakubwa walikuwa wamejitengea bonasi na kuwekewa mfuko wa kulinda pensheni zao. Mtendaji mkuu, Don Carty, akajiuzulu Aprili. Wenzetu waliwahi kusikia wapi habari kama hii, sijui.

Na hawa watu wa TWA hawakuwa wanyonge wa kuzaliwa. Mwaka 1986, chini ya Carl Icahn, waligoma. Nafasi zao zikajazwa na wageni na wenzao waliovunja mgomo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1989 ikaamuliwa kwamba kampuni hailazimiki kuwaondoa wadogo waliovunja mgomo ili kuwapisha wakongwe waliogoma. Kwa hiyo kabla ya 2001 ukongwe wao ulikuwa umeshapigwa mara moja.

Kilichobadilika kilitoka bungeni. Maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill wa Democratic na Kit Bond wa Republican, walipitisha sheria mwishoni mwa 2007: mashirika ya ndege yakiungana, orodha ziunganishwe kwa haki na usawa, na mkishindwana aende msuluhishi. Vyama tofauti, lakini jimbo moja, na wapiga kura wa TWA walikuwa hapo St. Louis. Sheria haikurudi nyuma kuwaokoa. Iliwakuta waliofuata.

Na hata hao waliofuata hawakuteleza. United na Continental waliungana 2010, lakini wahudumu wao walianza kuruka pamoja Oktoba 2018 tu. Miaka minane, jina moja kwenye ndege, mikataba tofauti na kisha ratiba tofauti. Wa Northwest walikuwa na chama, wakamezwa na Delta ambako wahudumu hawakuwa nacho. Kura ikapigwa 2010 na chama kikashindwa kwa kura chache. Muungano unaweza kufuta chama chako chote, sembuse namba yako.

Nyumbani sasa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa na ashauriane nao, pamoja na namna ya kuwachagua wa kupunguzwa. Wengi tunajua ule utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza. Lakini kampuni zikiungana, aliyeingia mwisho ni nani? Aliyeingia mwisho kwenye kampuni yake, au aliyeletwa na mnunuzi? Benki zimeungana nchini hapa, na mashirika ya umma yanaunganishwa. Swali hilo linatakiwa liwe limejibiwa kwa maandishi kwenye mkataba wa hali bora kabla mnunuzi hajagonga mlango, kwa sababu akishagonga, mmeona wenzetu wa TWA waliambiwa nini.

Kwa hiyo mliopo kazini, kabla ya kikao kijacho cha tawi, nendeni mkaombe nakala ya mkataba wa hali bora wa sehemu yenu na mtafute neno "kuungana". Kama halimo, mje nalo kwenye kikao. Mwenyekiti, napokea maswali.