Mtungaji na Biashara ya Kitabu Chake

Mazungumzo ya leo ni juu ya mtungaji wa hadithi anayepiga chapa kitabu chake kwa fedha yake mwenyewe, kisha akakiuza kwa mkono wake. Nanena hasa na vijana na walimu wa Kiranjeranje na vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kilwa na Lindi, kwani huko wako watu ambao hadithi zao zimekwisha andikwa, nazo zimelala sandukuni katika madaftari. Mtu wa namna hii hujiuliza: Je, nikiuza ufuta wangu mwaka huu, niitie fedha yake katika chapa? Swali hilo si dogo. Fedha ya ufuta ndiyo sare za watoto, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Hapana budi lijibiwe kwa hesabu, wala si kwa tamaa.

Kwanza tukumbuke kwamba pwani hii si ngeni kwa kalamu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905. Utenzi ule ulipigwa chapa Ujerumani mwaka 1933. Mtungaji alikuwa wa kwetu, lakini mtambo ulikuwa wa ugenini. Na aghalabu mwenye mtambo ndiye huamua lipi lisomwe na lipi likae gizani.

Wako waliotaka kuivunja desturi hiyo. Shaaban Robert wa Tanga, ijapokuwa vitabu vyake vilikuwa vimekwisha tolewa na makampuni ya Uingereza, alianzisha mwenyewe kazi ya kutoa vitabu kwa jina la Art and Literature, na mwaka 1959 kitabu chake Masomo Yenye Adili kilitoka huko Tanga. Akafa mwaka 1962. Baadhi ya hadithi zake, kama Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilitolewa mwaka 1968, yeye hayupo tena kuziona. Baada yake alikuja Ben Mtobwa, mtungaji wa visa vya mpelelezi Joram Kiango, aliyefariki mwaka 2008. Yeye alianzisha Heko Publishers mjini Dar es Salaam, akatoa vitabu vyake na vya wenziwe. Basi jambo hili lawezekana. Lakini kila aliyelifanya ilimpasa kuwa watu wawili, mtungaji na mfanya biashara.

Sasa tuitazame hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka zile utakazopewa na mpiga chapa wako. Tuseme wapiga chapa vitabu 300, na kila kimoja chakugharimu shilingi 4,000. Hizo ni shilingi 1,200,000. Wauza kitabu kwa shilingi 8,000. Mwenye duka achukua 2,000, na nauli ya mzigo katika basi ni 500 kwa kila kitabu. Mkononi mwako zabaki 5,500. Basi lazima uuze vitabu 219 ndipo mtaji wako urudi. Faida yako karibu yote imo katika vile 81 vya mwisho. Navyo vikiisha, umepata shilingi 450,000. Na ukiwagawia jamaa na marafiki vitabu 20 bure, umepunguza faida hiyo kwa shilingi 110,000. Ndugu akupendaye na anunue. Huo ndio msaada.

Tena jihadhari na mali kauli. Mwenye duka atakuambia, "Acha vitabu, vikiuzwa nitakulipa." Si vibaya, lakini mwachie vitano, si hamsini, andikianeni hati, naye akimaliza kulipa ndipo umwongeze. Wahenga wamesema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako pia wasemao kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli kwa embe na kwa samaki, maana mnunuzi huviona na kuvinusa. Kitabu hakinusiki. Uzuri wake umefungwa ndani ya jalada, wala hauonekani mpaka mtu asome. Kwa hiyo kitabu, hata kikiwa chema, hakina budi kutembezwa. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu uwasomee wanafunzi sura ya kwanza, kisha unyamaze pale penye shauku. Soma barazani baada ya kazi, watu wakiwa wamekaa kitako. Peleka vitabu Nangurukuru, Kilwa Masoko na Lindi wakati wakulima wamelipwa ufuta wao, wala si wakati wa kulima, maana wakati huo hata shilingi ya chumvi hutafutwa. Msomaji mmoja aliyependezwa, akiwasimulia wenziwe kisimani, ni bora kuliko matangazo kumi yaliyobandikwa ukutani.

Lakini kabla ya hayo yote, kitabu chenyewe kiwe safi. Mpe mwalimu wa Kiswahili akisome na kalamu mkononi, na umpe pia mtu asiyekuogopa. Kosa likiwa daftarini hufutwa kwa dakika moja. Likiisha pigwa chapa, limekuwa makosa 300. Kisha jipatie namba ya kitabu, iitwayo ISBN, katika Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, uandikishe na kazi yako katika Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA, ili asitokee mtu akaitoa kwa jina lake.

Sasa nalirudia lile swali la ufuta. Jibu langu ni hili: usitie katika chapa fedha ambayo ikipotea watoto watalala na njaa. Toa sehemu ndogo, upige chapa vitabu vichache. Na fedha itakayorudi, usiile, iwe ndiyo mtaji wa chapa ya pili. Asiye na sehemu hiyo asikate tamaa. Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, ambayo mtu hupeleka mswada wake pasipo kulipia chapa.

Wala asione haya mtungaji kubeba vitabu vyake begani. Mvuvi hubeba samaki wake, mfinyanzi hubeba vyungu vyake, na hapana awachekaye. Anayestahili kuonewa huruma ni yule aliyeandika vizuri, akafunga sanduku, akangoja wasomaji wabishe hodi.