Kikombe Mkononi mwa Jamaa



Mmenipa heshima ya kusema machache juu ya utabibu katika nchi zenye uchache wa mali. Wanyonge wa kila nchi huambiwa: subirini, fedha ikipatikana mtatibiwa. Basi sikilizeni habari ya daktari ambaye hakuweza kusubiri.

Katika mwaka wa 1971 vita vya Bangladesh viliwatoa makwao mamilioni ya watu, wakakimbilia Bara Hindi. Na penye msongamano na maji machafu kipindupindu hakikukawia. Hospitali ya Bongaon, karibu na mpaka, ilikuwa na vyumba viwili na vitanda 16. Dr. Dilip Mahalanabis aliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni, ikambidi apige magoti katika matapishi na choo ili awatie maji ya chumvi mishipani. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa dawa iliyozoeleka, nayo yalikuwa yakaribia kwisha.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kugundua kwamba sukari ya glukosi huisaidia chumvi kupenya utumboni, na maji hufuata. Walakini kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kulijaribiwa hospitalini tu, mbele ya macho ya mabingwa. Yeye akaamuru utengenezwe kwa mapipa: katika kila lita gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi ya kuumulia mikate. Vikombe akawapa jamaa za wagonjwa. Mama akamnywesha mwanawe, mtu akamnywesha nduguye, hali ya kuwa hawana cheti wala koti jeupe. (Wako waungwana wanaodhani elimu huchafuka ikishikwa na mtu wa kawaida.)

Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila 100. Katika wagonjwa zaidi ya 3,700 waliotibiwa kwa njia hii hawakufa hata 4 katika 100.

Tangu mwaka wa 1980, huko Bangladesh, wanawake waliotumwa na shirika la BRAC walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha kina mama: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, maji nusu lita. Katika muda wa miaka kumi walifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Na mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyolikumbuka somo. Sijui kama wakubwa wetu maofisini wangeuridhia mshahara wa namna hiyo.