Kamera Mpya au Taa? Tushauriane Kabla ya Kutoa Pesa



Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Wazee wetu, kina mama, vijana wenzangu wa Kapsoit, Ramadhan Mubarak.

Mada hii yaweza kuonekana ya kidunia tu, lakini inagusa riziki na amana. Wapo vijana wetu wanaopiga picha za nikahi na za Idd, kuanzia hapa kwetu mpaka Kericho mjini. Idd inakaribia, wameweka akiba kidogo, na swali ni moja: wabadilishe kamera au wanunue taa?

Turudi nyuma kidogo. Ibn al-Haytham, Muislamu aliyezaliwa Basra na kufia Cairo, aliandika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye kitu na kuingia jichoni, na alifanya majaribio katika chumba chenye giza chenye tundu dogo. Kamera ya leo bado ni chumba kile kile. Bila mwanga haina la kupokea.

Sasa tuje kwetu. Huku kwenye majani chai mara nyingi alasiri mawingu yanafunga, mvua inanyesha, na harusi inahamia ndani, kwenye ukumbi wa mabati wenye balbu moja juu. Hapo kamera mpya itaona gizani vizuri zaidi, hilo ni kweli. Lakini balbu bado iko juu ya kichwa, kwa hiyo macho ya bwana harusi yatabaki na kivuli. Kamera haiwezi kuhamisha taa.

Na flashi ya kwenye kamera je? Mwanga hupungua upesi kadiri unavyokwenda mbali. Anayekaa mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga wa anayekaa mita 1. Ndiyo maana bwana harusi anang'aa kama karatasi na wazee nyuma yake wamezama gizani. Flashi ya pembeni ikielekezwa kwenye ukuta mweupe, au ikipita kwenye mwavuli mweupe, mwanga unakuwa laini na unawafikia wengi.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, chukueni picha 20 zilizowaharibikia. Kila moja iandikieni sababu. Zikiwa nyingi ni za giza na vivuli, nunueni taa. Ikiwa kamera inakwama, au haifiki mahali ambapo taa haziruhusiwi, basi kamera ina haki yake.

Pili, tangulizeni elimu, maana haina bei. Kanzu nyeupe zikijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinakuwa nyeusi. Dawa ni kuongeza mwanga kwenye mpangilio wa kamera, si kununua kitu. Shuka jeupe karibu na dirisha nalo ni taa ya bure.

Tatu, taa iwe ya betri na iweze kubebwa kwenye boda boda. Stima ikipotea katikati ya nikahi, taa ya waya ni mzigo tu. Na taa nzuri huhama nawe kutoka kamera moja hadi nyingine, ilhali bei ya kamera hushuka kila inapotoka mpya.

Nne, na hili ndilo kubwa, msichukue mkopo wa riba kwa ajili ya kujionyesha mbele ya wenzenu. Qur'ani imekataza riba na imekataza israfu. Nunueni kwa mlichonacho, na andikianeni nani ametoa ngapi, ili undugu usije ukavunjika kwa sababu ya chombo.

Mwisho, taa isiwamulike watu wakiwa kwenye swala. Na picha za kina mama zisipigwe wala kutumwa kwa yeyote bila idhini yao. Mteja akikufungulia mlango wa nyumba yake, amekukabidhi heshima yake.

Tunamuomba Allah atutakabalie saumu zetu, atupe riziki ya halali yenye baraka, na atujaalie tuwe wakweli katika kazi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.